Msiumalizie Ule Wimbo

Siku mliponiaga kustaafu, madereva wenzangu, pale stendi ya Lukozi mlinipa blanketi, chupa ya chai na maneno mazuri, na mimi nikaangusha sahani ya pilau nikakimbilia nyuma ya vyoo. Najua mnacheka mpaka leo. Kuna mmoja ameandika kwenye kundi letu la simu kwamba Mzee Athumani alizidiwa na furaha. Mzee mnaniita nyie. Umri wangu haujafika huko, ila goti na shingo vimetangulia. Na haikuwa furaha. Salimu, mtoto wa dada yangu, alipanda kwenye lori lake akabonyeza honi, na honi ikaimba ule wimbo wa katuni tuliyokuwa tunaitazama kwenye televisheni utotoni. Ikaimba nusu ya kwanza. Nyie wote, na midomo imejaa nyama, mkaitikia nusu ya pili huku mkipiga meza.

Mlitaka kuniheshimu, nalijua hilo. Mimi niliogopa mpaka nikajikojolea kidogo, na naliandika mwenyewe kabla hajaliandika mtu mwingine.

Juzi nilimfuata Salimu akiwa chini ya lori anapaka grisi. Nikamwambia, "Itoe hiyo honi."

Akatoa kichwa. "Shikamoo kwanza, mjomba."

"Marahaba. Itoe."

"Jamani mjomba! Watu wanaipenda. Nikipita nayo kina mama wanacheka, watu wazima wanakumbuka utoto wao. Si wewe mwenyewe ulinifundisha kuuimba nikiwa mdogo?"

"Itoe, Salimu."

"Basi nieleze kwa nini. Kila mara unasema itoe, itoe, ukiulizwa unaondoka. Umestaafu, una muda. Niandikie, nitasoma nikisubiri kupakia kabichi."

Haya. Unasubiri kupakia. Soma, na wenzako wasome.

Mwandiko mtanisamehe. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza zaidi nikiwa nje ya dirisha. Mambo ya mshahara, na nani alinitoa kwenye uutingo akanipa usukani lini, sitayaandika. Hayajawahi kumzuia mtu kuanguka bondeni.

Nianze na televisheni. Tulipokuwa wadogo, mimi na Rajabu, pale kwetu palikuwa na nyumba moja tu yenye televisheni, ya mfanyabiashara wa viazi. Umeme haukuwepo, aliiwasha kwa betri ya gari. Kiingilio cha watoto kilikuwa kuni: kila mtoto alete kipande, kikiwa kibichi unarudishwa. Rajabu alikuwa jirani yetu, tumbo lake na langu yalikuwa yanashiba chungu kimoja. Tunakaa chini kwenye saruji, baridi inapanda mpaka mgongoni, tunasubiri katuni ya Kijapani ya kijana mwenye macho makubwa na farasi wa chuma anayeruka.

Hadithi yenyewe sikuwahi kuijua mwisho wake. Betri ilikuwa inakufa katikati. Picha inakuwa ndogo, inakuwa ndogo, halafu giza, na mwenye nyumba anasema, "Haya, kwenu." Lakini wimbo ulikuwa unakuja mwanzoni, betri ikiwa na nguvu, kwa hiyo wimbo tuliupata wote kila siku. Ngoma inaanza, halafu sauti ya mwanamume inapanda, inapanda kama mtu anayekimbia mlima wa Mtae, halafu inasimama. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Kidogo kimya. Halafu kundi la watu linaitikia, wimbo unashuka mpaka chini.

Kijapani hatukujua, tukausikia kwa masikio yetu ya Kishambaa. Yule mwanamume sisi tulimsikia anasema "twite kaya", yaani twende nyumbani. Na lile kundi tulilisikia linaitikia "ita, ita, ita!" Waswahili wa Tanga wakisikia ita wanadhani unamwita mtu. Kwetu ita ni nenda. Basi ndivyo tulivyoimba mlima mzima, shambani, kisimani, msikitini tukisubiri mwalimu wa madrasa. Hata watoto wa Kilutheri waliuimba wakitoka kwaya. Mmoja akisema "twite kaya" kutoka shamba la juu, hata kama humwoni, hata kama mmegombana naye jana, lazima umjibu ita, ita, ita. Huwezi kuacha. Ukisikia nusu ya kwanza kifua kinabaki wazi, kama mtu aliyeinua mguu kwenye ngazi na hajaukanyaga. Naomba mlikumbuke hili maana huko mbele ndiko linakoua.

Kazi niliianza kwa Mzee Daudi, dereva wa lori la mboga kutoka Mtae mpaka Mombo. Siku ya kwanza nilifika nimevaa kandambili. Akanitazama miguu, akauliza, "Wewe unakuja kuoga?" Akanirudisha nyumbani nikaazime viatu. Nikarudi na viatu vya baba vilivyonizidi, akanikabidhi kipande cha gogo chenye kamba.

"Huyu ndiye mke wako," akasema. "Gari likisimama mlimani, hata kama dereva amesema usishuke, wewe unashuka unamweka nyuma ya tairi. Nikikukuta kwenye kiti na mke yuko juu, unabaki njiani na yeye."

Alikuwa mtu mgumu. Kwenye shikamoo ukichelewa, siku hiyo hasemi na wewe mpaka Soni. Lakini kila ninachokijua alinipa yeye. Kushuka kwa gia, breki uziache zipumue. Ukifika chini unashuka unapeleka mgongo wa mkono karibu na tairi, usiguse, unasikia joto, na pua inanusa kama kuna harufu ya kitu kilichoungua. Redio ilikuwa marufuku. Na kioo wazi hata kwenye baridi ile ya Lukozi inayofanya masikio yaume. Alikuwa anasema kwenye ukungu macho hayana kazi, dereva anaendesha kwa masikio, sasa ukifunga kioo umejipofusha mara mbili. Nyie siku hizi mnafunga vioo mnawasha muziki mpaka milango inatetemeka. Sisemi kitu. Nasema tu.

Sasa Kona ya Kinyozi mnaijua, lakini niieleze kwa mgeni akisoma. Ni kipande cha njia kilichochongwa kwenye mwamba, kati ya Lukozi na Mtae. Upande mmoja ukuta wa jiwe, upande mwingine hewa. Gari moja tu ndilo linapita. Juu kuna mahali pa kupishania, chini kuna mahali pa kupishania, na katikati kona ambayo humwoni mwenzako mpaka mmeshatazamana machoni. Jina ni la kinyozi aliyekuwa na kibanda pale chini zamani.

Mzee Daudi alikuwa na utaratibu wake pale. Anasimama juu, anapiga honi ndefu moja, anazima injini, anasikiliza. Halafu hata akijibiwa, hata asipojibiwa, ananiambia, "Shuka ukaone." Nashuka na gogo langu, natembea mbele kwa miguu mpaka nizunguke kona nione kwa macho, nirudi niseme kweupe. Mvua inanyesha, natembea. Kwenye ukungu nilikuwa napapasa ule ukuta kwa mkono, kwa kuogopa upande wa pili. Madereva wengine walikuwa wanatucheka. "Mzee Daudi anaoa, katanguliza mshenga!"

Alipoacha kazi kwa ugonjwa wa macho, sisi vijana tukashika usukani, mimi na Rajabu na mwenzetu mmoja, Gidi. Na sisi tukajiona tuna akili kuliko yeye.

Honi ilikuwa wazo la Rajabu. Alimpata fundi umeme Lushoto mjini, akamwimbia wimbo mpaka fundi akachoka, na yule fundi akatengeneza honi yenye vitufe viwili. Cha kwanza kinapiga twite kaya. Cha pili kinapiga ita, ita, ita. Tukaifunga kwenye malori yote matatu, tukakubaliana hivi: ukifika Kona ya Kinyozi, juu au chini, unapiga nusu ya kwanza. Maana yake nataka kuingia. Mwenzako akiwa upande wa pili anasimama pa kupishania, na akishasimama kabisa, anakujibu nusu ya pili. Maana yake nimesimama, nenda. Usipojibiwa, hakuna aliyekusikia, basi unatanguliza utingo kwa miguu kama zamani.

Nisiwadanganye, ilikuwa raha. Uko juu kule peke yako, ukungu mweupe kama maziwa, unabonyeza, na kutoka chini unasikia wimbo wa utoto wako unakujibu. Unajua ni Gidi au Rajabu. Unashuka unacheka. Nilimpelekea Mzee Daudi habari hiyo kwake Mtae nikidhani atafurahi. Macho yake meupe yaliangalia ukutani.

"Huo wimbo wanaujua wangapi?" akauliza.

"Wote, mzee. Mlima wote."

"Basi hiyo si honi."

Nikamwona mzee amezeeka.

Sasa nitaje watu. Wengine mtasema Athumani ana kinyongo. Ninacho, na nimekitunza vizuri.

Wa kwanza ni Juma, mnayemwita Juma Spika, ambaye mpaka leo mnakunywa soda kwake. Alikichukua kile kibanda cha kinyozi pale chini, akawa anachaji simu kwa sola na kuingizia watu nyimbo. Nje akaning'iniza spika kubwa. Juma alikuwa anajiita mtani wa kila mtu. Siku moja Gidi akiwa amesimama pale kibandani, Juma akamwomba apige honi, akairekodi kwenye simu, ile nusu ya pili. Tokea hapo, lori lolote likipiga twite kaya juu, Juma anaweka simu kwenye spika: ita, ita, ita! Wateja wake wanacheka mpaka wanakaa chini.

Mara ya kwanza nilishuka nimeitikiwa, nikafika chini sikukuta gari. Nikamkuta yeye ameshika tumbo.

"Athumani! Umekuja? Mimi ndiye Gidi!"

Nikamshika shati. "Juma, hiyo ni njia ya watu. Utaua."

"Aa, mshikaji, utani tu huo. Kwani kulikuwa na gari? Si umefika salama?"

Nikaenda kwa mtu wa pili, Shekumbi, aliyekuwa mwenyekiti wetu wa kijiji. Nikaenda na Rajabu, tukatoa shikamoo, tukakaa, tukaeleza. Shekumbi alisikiliza huku akichokonoa meno. Mwishoni akasema, "Yaani nimwite mtu ofisini kwa wimbo wa katuni? Nyie watu wazima na ndevu zenu?" Akacheka. Na cha ajabu Rajabu naye akacheka, maana ukilisema hivyo linachekesha kweli. Tukatoka bila kitu. Shekumbi alikuwa anachaji simu zake bure kwa Juma, na hilo kila mtu analijua.

Nilimwambia Rajabu turudi kwenye utaratibu wa Mzee Daudi. Akasema, "Mimi sauti ya honi ya Gidi naijua hata nikiwa kaburini." Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu ilikuwa honi ya Gidi kweli.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, ukungu umelala. Tulikuwa tumepakia kabichi Mtae, lori limejaa mpaka juu ya kamba. Lori langu lilikuwa gereji, kwa hiyo nilikaa kwa Rajabu kama dereva wa pili, na utingo wake alikuwa nyumbani anaumwa. Tukafika juu ya Kona ya Kinyozi, tukasimama.

Nikasema, "Ngoja nishuke nikaone."

"Na goti hilo linalokuuma tangu juzi? Kaa." Akabonyeza. Twite kaya.

Tukasikiliza. Kioo kilikuwa wazi, ukungu unaingia ndani kama moshi. Halafu kutoka chini, safi kabisa: ita, ita, ita.

"Isije ikawa Juma," nikasema.

"Juma leo yuko mnadani Lushoto, jana aliniambia mwenyewe. Huyo ni Gidi anapandisha gari tupu. Sikiliza honi yake, ina mafua." Akaitikia kwa mdomo, ita, ita, akaingiza gia.

Juma hakuwa mnadani, alighairi. Yule mama anayeuza mapeasi pale chini, aliyekuwa amekaa karibu na kibanda, alieleza msibani alichokiona, na hakuna aliyembishia. Lori la mbao, la dereva mgeni asiyejua mambo yetu ya nyimbo, lilikuwa limepita mbele ya kibanda muda huohuo likipandisha. Juma aliliona. Mama akamwambia, "Juma, si kuna gari limepanda?" Na Juma akasema, "Watasimamishana." Akabonyeza.

Tulikutana nalo katikati ya kona. Niliona taa mbili za njano ndani ya weupe, kubwa, karibu, kama macho ya yule kijana wa katuni, na Mungu anisamehe ndicho nilichofikiria. Rajabu alikata upande wa hewa. Angekata upande wa ukuta tungemponda yule mgeni. Sijui kama alichagua.

Kuanguka kwenyewe sikukumbuki. Nakumbuka harufu ya kabichi zilizopasuka. Nilikuwa nimenasa kwenye mti wa mgrivea, mguu umegeuka, shingo haigeuki. Lori lilikuwa chini yangu kidogo, tairi juu. Kabichi zilikuwa bado zinaporomoka, unazisikia kwenye ukungu lakini huzioni, kama kuna watu wanashuka kimyakimya kuja kukuona.

Halafu honi ikaanza. Nyaya zilikuwa zimegusana. Twite kaya. Ikanyamaza kidogo. Twite kaya.

Na kutoka juu, kwenye spika, ikajibiwa. Ita, ita, ita.

Lori linaimba kutoka bondeni, na Juma anajibu kutoka kibandani, kwa sababu alidhani tunataniana naye. Alidhani tumepata mchezo mtamu. Kila lori likiimba, anajibu. Nilitaka kupiga kelele anyamaze, sauti haikutoka, mdomo ulikuwa umejaa udongo. Nilimsikia Rajabu ndani ya lori. Alikuwa hai. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mtu aliyeamka usingizini, "Athu, kwani Gidi yuko wapi? Mbona anajibu tu, haji?"

Sikuweza kumjibu. Wimbo ukaendelea mpaka betri ikaanza kufa, sauti ikawa ndogo, ikawa ndogo, kama ile televisheni. Ilipokata, Rajabu alikuwa hasemi tena. Na pale juu, mara ya mwisho, bila kuulizwa, Juma akapiga ita, ita, ita, halafu nikasikia watu wanacheka. Walikuja kutuchukua baadaye, yule mgeni wa mbao alipokimbia mpaka kibandani akipiga kelele.

Askari walisema mwendo kasi. Mtu aliyekuwa anashuka kwa gia ya kwanza! Rajabu akabebeshwa kosa akiwa ameshazikwa. Shekumbi alisimama msibani, nikiwa nimelazwa kwenye mkeka sijiwezi, akasema ajali ni ya Mungu na wimbo wa watoto haujawahi kuua mtu. Juma alileta sukari. Akanisogelea akaninong'oneza, "Utani tu, Athumani, unanijua." Mimi namjua.

Nilipopona nilirudi barabarani, kwa kuwa sikujua kazi nyingine. Gidi alikwenda kuishi kwa wakwe zake Sigi, na nasikia hata baiskeli hapandi. Mimi honi ile niliing'oa kwa mikono yangu, nikaweka ya kawaida, nikaishika njia ya Mzee Daudi mpaka mlipoanza kunitania kama tulivyomtania yeye. Miaka yote hiyo sikuwahi kushuka Kona ya Kinyozi bila mikono kulowa jasho. Mnakumbuka nilikuwa nafunga kitambaa kwenye usukani, mkadhani urembo. Na mkiuweka ule wimbo kwenye simu zenu stendi, nilikuwa nashuka nakwenda kununua kitu nisichokihitaji. Nyumbani nina viberiti vya kutosha mtaa mzima.

Ndipo nikastaafu, na Salimu akaenda Lushoto mjini kwa fundi yuleyule, sasa mzee, akamwambia nitengenezee ile honi ya wajomba. Fundi akaikumbuka. Vitufe viwili vilevile, na pale Kona ya Kinyozi anaitumia kama tulivyoitumia sisi. Anasema ni kumbukumbu ya utoto wetu. Kwa upendo, Salimu, najua.

Juma bado yuko pale chini. Spika amenunua kubwa zaidi.

Basi tangu siku ile mliyoniaga, asubuhi ya ukungu naamka, nachukua lile blanketi lenu, nateremka kwa fimbo mpaka kibandani kwa Juma, nakaa kwenye benchi lake. Mara ya kwanza aliuliza, "Nikupe soda, Athumani?" Nikasema hapana. "Nikuchajie simu?" Hapana. "Sasa unakaa kufanya nini?"

"Nakaa."

Tunakaa. Hatuongei. Watu wanaopita wanadhani tumepatana.

Jana nilikuwa nimekaa, na ukungu ulikuwa kama wa siku ile. Kutoka juu nikasikia lori linasimama. Kimya. Halafu honi: twite kaya.

Nilimtazama Juma. Simu ilikuwa mkononi mwake, waya wa spika uko palepale. Nilimwona kidole kinasogea. Na mimi mwenyewe, niseme kweli, ulimi wangu ulikuwa umeshafika kwenye meno. Niliyeanguka bondeni na wimbo ule, niliyemsikia Rajabu anakufa ndani yake, mdomo wangu ulikuwa unataka kumjibu. Nikaung'ata. Wasichana wawili waliokuja kuchaji simu walivuta pumzi waanze, nikainua fimbo. Wakanyamaza. Juma akaweka kola ya shati mdomoni akaiuma, macho yamemtoka, hakunitazama.

Kimya kile kilikuwa kirefu. Halafu juu injini ikazimwa. Baadaye nikasikia viatu kwenye kokoto, taratibu, na utingo wa Salimu, mtu mzima mwenye ndevu, akatokea kwenye ukungu akipapasa ukuta kwa mkono, gogo begani.

"Shikamoo, mzee. Salimu amepiga, hakujibiwa na mtu. Ameniambia shuka ukaone."

"Marahaba."

"Kuna gari?"

Nikatazama nyuma, nikasikiliza. Hakukuwa na gari. Ilikuwa nimwambie neno moja tu, nenda, na kwa lugha yetu neno hilo ni ita. Likagoma kutoka. Nikamwonyesha kwa mkono.

Salimu akapita salama. Kioo kilikuwa wazi. Aliniona nimekaa na Juma, akashangaa.

Sasa umejua nilikuwa nakaa kufanya nini. Itoe, mwanangu. Goti langu kuna siku linagoma kabisa sitoki kitandani, na siku hiyo Juma atakuwa pale peke yake na spika yake, anasikia nusu ya kwanza.